Mfereji wa Nyuma

Akinyi,

Mambo ya sweta, ya sufuria na ya kutomwazima kila mtu sabuni yako, mama yako ameyamaliza. Alianza Jumatatu na jana nilimsikia akirudia tangu mwanzo. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia jambo ambalo nimeshindwa kulisema tukiwa tumekaa kitanda kimoja, wewe ukikunja nguo na mimi nikijifanya natengeneza zipu ya mfuko.

Sasa ni alasiri. Umeenda Makina kuwaaga rafiki zako, mama yako yuko sokoni, na nina kama saa mbili za kuandika. Nikimaliza nitaitia barua hii ndani ya mfuko wako, chini ya sweta, pamoja na daftari langu la mwaka wa 1990. Mama yako anajua yaliyomo. Nilimwambia Jumapili tulipotoka kanisani, na tangu hapo ananipakulia chakula bila kuniangalia.

Nitaanza na siku ile barua ya chuo cha ualimu ilipofika. Majirani walijaa mlangoni, na Mama Rose akakuuliza wewe utawafunza nini watoto wa wenyewe, na wewe ulikuwa unaogopa hata kuku. Mlicheka. Halafu ukasema, "Nitawafunza vile baba alitufunza sisi. Na michezo. Aliyeguswa anasema mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje nikasema naenda kuangalia makaa, na makaa hayakuwepo. Nilisimama nyuma ya nyumba nikishika ukuta.

Kwa sababu hiyo naandika. Unaenda kuchukua watoto wa watu, na unabeba mfano wangu, na mfano huo umeoza katikati.

Unajua michezo ilivyoanza, lakini hujui kilichonisukuma. Ulikuwa na miaka kumi. Nilikuwa narudi kutoka stoo Industrial Area, nikawakuta watoto kama wanane kando ya reli wamemzunguka kasichana ka miaka minne. Walikuwa wamemnyang'anya mandazi, wanarushiana juu ya kichwa chake, naye anakimbia kwa huyu na kwa yule akilia. Aliyekuwa anacheka kwa sauti kuliko wote ni wewe. Sikukuchapa. Nilikaa kitandani usiku huo nikaandika katika daftari, "Mtoto wangu ana furaha mwingine akilia," na nikapiga mstari chini yake.

Mimi ni mtu wa stoo. Kitu kikiharibika natafuta utaratibu. Nikajiambia kwamba mtoto hawezi kufunzwa wema kwa maneno akiwa amekaa chini, maana maneno alikuwa ameyasikia, kanisani na shuleni. Mtoto anashika kitu kwa miguu kwanza. Basi kila Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku, nikawa nawakusanya kwenye kile kiwanja kidogo upande wa Kambi Muru, kati ya reli na mtaro. Nilinunua filimbi. Mpira tulifunga wenyewe, majuala ya plastiki ndani, mpira wa tyubu ya baiskeli nje. Tulicheza brikicho ya kujificha, tukavuta kamba, tukakimbia mbio za kubebana ambapo mkubwa lazima ambebe mdogo. Lakini mchezo wenu mlioupenda ni kati.

Nitaandika sheria za kati ingawa unazijua, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Wawili wanasimama kwenye ncha na kurusha mpira, wengine wote wako katikati wanakwepa. Akiguswa mtu anatoka. Anayebaki peke yake kati anachukua chupa na kuijaza mchanga huku akikwepa. Akiijaza kabla hajaguswa, amewaokoa wote waliotoka, wanarudi ndani wakiruka. Hizo ni sheria za watoto wote wa Nairobi. Yangu niliyoongeza ni moja tu: hakuna refa. Mpira ukikugusa hata kwenye upindo wa rinda, wewe ndiye unainua mkono, unasema "Nimeguswa," na unatoka.

Wiki za kwanza kulikuwa na vita. "Umeguswa wewe!" "Kwani uliona na macho gani?" "Ticha, huyu ni mwongo kama babake!" Mimi napuliza filimbi na kungoja. Kwenye daftari nilichora safu mbili, waliosema na waliokaa kimya, na kila Jumamosi nilijaza majina. Utaziona. Kufikia mwezi wa tatu safu ya pili ilikuwa karibu tupu. Niliziangalia kurasa hizo nikajiona mtu mkubwa. Niliandika jina la kila mtoto aliyekanyaga kile kiwanja. Safu yangu mimi sikuichora.

Katika wale wote, aliyeishika sheria kuliko wengine ni Mueni. Ulikuwa humwachi Mueni, mlikuwa mnavaa hata kandambili moja moja, wewe ya kushoto yake na yeye ya kulia yako. Mama yake alikuwa ametoka Kitui, anauza mboga pale Mashimoni, na walikuwa wamepanga chumba kwenye ploti ya Mzee Barasa kama sisi. Mueni alikuwa anasema "Nimeguswa" hata wakati mimi niliyekuwa pembeni sikuona kitu. Mlikuwa mnamkasirikia, maana aliwafanya mshindwe. Kuna siku ulimwambia, "Mueni, wewe ni mjinga wa Ukambani kabisa." Akacheka akakwambia, "Na wewe ni mwerevu wa ziwani na bado umetoka kabla yangu."

Sasa Jumamosi ya maji.

Unaikumbuka, kwa hiyo nitaeleza upande usioukumbuka. Maji yalikuwa yamepotea siku ya tatu. Tangi la kioski cha Mzee Barasa lilikuwa limekauka, mitungi imepangwa foleni kutoka kioski mpaka kona, mingine bila mwenyewe, kila mtu amefunga kitambaa chake kwenye mkono wa mtungi ili ijulikane ni wa nani. Ile mifereji ya mbele ilikuwa na kufuli. Ule mfereji wa nyuma, wa chini ya tangi, wa kutolea uchafu, haukuwa na kufuli, na Mzee Barasa alikuwa ameturuhusu sisi wa michezo peke yetu tuutumie kunywa na kunawa. Alisema ni sadaka yake kwa watoto.

Katikati ya mchezo Kevo mdogo alianguka kwenye kokoto za reli akachanika goti. Nilimbeba mpaka nyuma ya tangi nimwoshe. Mueni alinifuata akishika mguu wa Kevo ili usining'inie. Nilifungua mfereji. Haukutoa hata tone, ulipumua tu. Kevo alikuwa analia, damu iko kwenye shati langu, nikageuka tukaenda kwa Mama Rose akatupa maji ya kikombe. Nilimfunga goti nikarudi uwanjani nikapuliza filimbi mkaendelea.

Mfereji sikuufunga. Mtu wa hapa anajua, na mama zetu wametufunza tangu tuanze kutumwa maji: mfereji mkavu ndio wa kufunga kwa makini kuliko ule unaotoa, kwa sababu hujui maji yatarudi saa ngapi. Mimi ninayehesabu misumari ya kiwanda nilisahau.

Maji yalirudi tukiwa tunacheza. Yalikuja kwa muda mfupi tu, halafu yakakatika tena. Yote yaliyoingia tangini yalitokea chini, nyuma, yakaingia mtaroni, na kelele zenu zilizidi kelele zake. Mwenye kufungua kioski alipokuja akasikia bomba limenyamaza na tangi linatoa sauti ya debe tupu. Alizunguka nyuma. Ndipo tulipoitwa.

Unakumbuka wale akina mama. Walikuwa wamengoja siku tatu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni ameharisha tangu jana yake. Mzee Barasa hakupiga kelele, alisimama mbele yenu akauliza, "Nyinyi peke yenu ndio mnatumia hii mfereji. Nani aliifungua?"

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Filimbi iko shingoni. Nilijua ni mimi kabla hajamaliza kuuliza. Nilifungua mdomo, Akinyi, na hilo ni kweli, nilifungua mdomo. Nikamwona yule mama mwenye mtoto. Nikaona Mzee Barasa, ambaye chumba chetu ni chake, na ambaye wiki hiyohiyo aliniambia mbele ya watu kwamba Kibera ingekuwa na wanaume kumi kama mimi ingekuwa mahali pengine. Nikafikiria wazazi watakavyowaondoa watoto. Nikajiambia nitasema, lakini nitasema pembeni, baadaye, wakishatulia.

Mueni akainua mkono. Aliuinua vile mlivyokuwa mkiuinua uwanjani, umenyooka, kiganja nje. Akasema, "Ni mimi."

Mnajua kilichofuata. "Siku tatu hatujaoga na wewe unamwagia panya!" "Mama yake anauza sukuma chafu na mtoto anamwaga maji!" Mama Mueni aliitwa kutoka kwenye meza yake ya mboga, akaja akikimbia, na akamchapa mtoto wake kwa lapa la mguuni mbele ya wote ili wasimchape wao. Mueni alikuwa akiniangalia mimi wakati wote. Nilifikiri ananiomba nizuie. Nikamshika mama yake mkono nikasema, "Inatosha, Mama Mueni. Mtoto amesema ukweli." Hayo ndiyo maneno niliyotoa.

Nilijiambia mtoto husamehewa upesi, na mtu mzima hasamehewi. Ni hesabu niliyoifanya kwa muda wa kupepesa jicho, na nimekuwa nikiirudia miaka minane na haijawahi kutoka sawa.

Fungua daftari kwenye ukurasa niliokunja. Imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri: "Jumamosi. Maji yalimwagika kwa uzembe. Mueni alikubali kosa bila kulazimishwa. Sheria inafanya kazi." Daftari ni langu peke yangu, hakuna aliyekuwa analisoma, na hata humo nilidanganya.

Lakini hilo sio baya kuliko yote. Jumamosi iliyofuata niliwakalisha kwenye nyasi nikamsimamisha Mueni mbele yenu. Nikasema, "Mmeona huyu? Huu ndio uungwana. Kukosa ni kwa kila mtu, kusema ni kwa wachache." Nilimpigisha makofi. Yeye alisimama akikanyaga mguu mmoja kwa mwingine, akaniangalia na kutabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri umalizie sentensi. Sikuimalizia.

Wewe ulikuwa na hasira naye kwa sababu mama yako alilala bila maji akiwa na mimba ya mdogo wako Ouma. Ulianza kumwita Mwaga-maji. Wengine wakafuata. Mlikuwa mnamwimbia akipita na mtungi. Nilisikia. Nilipuliza filimbi nikasema, "Msitaniane," nikaendelea. Nilimwona siku moja amekuja uwanjani na kandambili mbili zinazofanana, akakupa ile yako ya kulia, na wewe ukaipokea.

Mwisho wa mwezi walihama. Mzee Barasa hakuwafukuza kwa mdomo, lakini wanawake walikuwa wameacha kununua mboga kwa mama yake, na mtu asiyeuza hakai. Walienda Kawangware. Kule hawakupata nafasi shuleni mwaka ule, na mwaka uliofuata Mueni alikuwa ameshazoea kubeba beseni la mama yake. Sisi huku tuliendelea kucheza. Watoto waliongezeka. Wazazi walinisimamisha njiani kunishukuru. Mpaka kile kiwanja kilipojengwa ploti, niliitwa Ticha na nikaitika.

Wiki mbili zilizopita, siku nne baada ya yale makofi mlangoni petu, niliomba ruhusa kazini nikatembea mpaka Kawangware. Nilikuwa na jina la mama yake tu. Niliuliza kwa wauza mboga, mmoja akanituma kwa mwingine, mpaka nikaelekezwa kwenye ploti moja nyuma ya soko, ya mabati, yenye kiwanja katikati chenye kamba za nguo.

Nilimjua kabla hajageuka. Alikuwa anafua nguo za watu, mabeseni matatu mbele yake. Nilisimama chini ya shuka lililoanikwa nikashindwa kusogea. Watoto walikuwa wanacheza kati pale uani. Mpira ni wa majuala, umefungwa kwa tyubu, vilevile tulivyokuwa tukifunga sisi. Kati alikuwepo msichana mdogo, wa mpangaji mwingine, miaka sita hivi. Mpira ulimpita ukamgusa kisigino. Wale wa ncha hawakuona. Mtoto akasimama, akamtazama Mueni, mkono wake ukaanza kupanda.

Mueni alisema bila kuacha kufua, "Wamekuona?"

"Hapana."

"Basi cheza."

Mtoto akashusha mkono akacheza.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimeandika daftari kumi na saba, na sijawahi kusoma wala kuandika kitu kilichonimaliza kama hayo maneno mawili. Nilikuwa nimebeba hotuba. Ilipotea.

Alipogeuka kuanika aliniona. Alitazama kidogo, akapangusa mikono kwenye leso. "Ticha," akasema. "Umezeeka." Akanipa stuli. Akaniuliza habari za mama yako, za Ouma, zako. Nilimwambia unaenda kuwa mwalimu. "Akinyi? Yule alikuwa anaogopa kuku?" Akacheka, na kwa muda mfupi alikuwa na miaka kumi.

Nikamwambia, "Mueni, nimekuja kwa sababu ya ule mfereji."

Akasema, "Najua ni wewe uliuwacha wazi. Si nilikuwa nimeshika mguu ya Kevo."

Nilimuuliza kwa nini basi aliinua mkono. Alichukua shati kutoka kwenye beseni, akalikamua mpaka mwisho kabla hajajibu.

"Niliona umefungua mdomo na hutoi sauti. Nikaona unaogopa. Nikasema wacha mimi nitoke. Wewe ulibaki kati. Si ndio sheria, ule amebaki anaokoa wenye wametoka? Nikangoja. Mama akinichapa nikangoja. Ile siku ulinisimamisha mbele ya watoto nikajua ni leo. Hata wakati tunapakia vitu kwa mkokoteni nilikuwa naangalia barabara."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayeeleza njia. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Hiyo ilikuwa ya zamani, Ticha," na hilo si jibu, na wote wawili tulijua. Nikamuuliza nifanye nini. Mzee Barasa amefariki, lakini nilikuwa tayari kwenda kwa wanawe, kwa kanisa, kwa yeyote. Alitingisha kichwa.

"Hao hawanisumbui. Mwambie Akinyi. Huyo alikuwa rafiki yangu."

Ndiyo maana ya barua hii, mwanangu. Rafiki yako hakumwaga maji. Jina mlilomwita lilikuwa langu.

Nilitaka hapa nikuandikie la kukufaa chuoni, na kila ninaloandika nalifuta. Sijui kama michezo inafunza wema. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na safu mbili za majina kuthibitisha. Sasa nadhani watoto walijifunza kweli, wote, na mmoja alijifunza vizuri kuliko mwalimu wake, na huyo ndiye aliyelipia. Ukiwafunza watoto kuinua mkono, wewe ndiwe uhakikishe kuna mtu wa kuupokea. Ukiwa na filimbi, jua kwamba filimbi inakuweka pembeni ya mstari ambapo mpira haukufikii. Mimi sikuwahi kuingia kati hata Jumamosi moja. Mlikuwa mnaniomba. "Ticha ingia, Ticha ingia." Nilikuwa nasema magoti yananiuma.

Zaidi ya hapo sina. Nikikwambia uwe mkweli, nani atakuwa anasema?

Nyumba ya Mueni iko nyuma ya soko, ploti ya mabati yenye geti la kijani, uulize anayefua, wanamjua. Sikuagizi uende. Hakuniomba uende. Aliuliza tu kama bado unatembea ukitupa mguu wa kushoto nje, nikamwambia ndiyo.

Nasikia mama yako akiongea na Mama Rose pale kona, kwa hivyo nafunga. Kesho nitakuwa tayari alfajiri kukubebea mfuko mpaka kwenye basi. Barua utaisomea njiani au ukifika, sijui. Nimekuwa mwoga hata katika hilo, nimepanga uisome nikiwa sikuoni uso.

Kwenye daftari, chini ya ile Jumamosi, nilichukua kalamu leo nikaandika ni nani aliyeacha mfereji wazi. Sikufuta kitu. Nimeinua mkono wangu pale, nikiwa nimechelewa miaka minane, na hakuna aliyebaki uwanjani wa kuuona ila wewe. Niliguswa, Akinyi. Niliguswa mbele yenu wote, na nikaendelea kupuliza filimbi.

Baba yako